Petra kwa siku moja kutoka Amman: somo la hatua kwa hatua

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Tuko wanne, tuna siku moja Jordan, Petra inawezekana?" Inawezekana. Petra ni mji wa kale wa Wanabatea, uliochongwa kwenye mwamba kusini mwa Jordan. Someni kwanza, ndipo muulize.

1. Viza. Angalia masharti ya pasipoti yako kabla ya kulipia ndege.

2. Tiketi. Hapa ndipo wengi wanapotoboka mfuko. Aliyelala Jordan angalau usiku mmoja analipa dinari 50 kwa siku moja. Anayeingia nchini asubuhi na kutoka jioni analipa 90, na dinari moja ni kama dola 1.41, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Fikeni Amman siku ya kabla, mlale, na kila mtu aje na pasipoti yake na uthibitisho wa hoteli. Mkikaa usiku tatu au zaidi, nunueni Jordan Pass: dinari 70 pamoja na siku moja ya Petra, na ada ya viza ya dinari 40 inafutwa. Inunuliwe mtandaoni KABLA ya kutua. Ukishalipia viza uwanjani, ile 40 ndiyo imekwenda.

3. Usafiri. Basi la kampuni ya JETT huondoka Abdali, mjini Amman, saa 12:30 asubuhi. Kateni tiketi mapema. Mkiwa wanne, gari la kukodi lina nafuu zaidi. Piteni Barabara ya Jangwani, mwendo wa kama saa tatu. Ramani ikiwapeleka Barabara ya Wafalme, kataeni: inapendeza, ila kona zake zinakula nusu ya siku.

4. Viatu vya kufunga, kofia, maji lita 2 kila mtu, noti ndogondogo.

5. Getini hadi Khazneh ("Hazina", ule uso maarufu uliochongwa mwambani). Mita 800 za uwazi, kisha korongo la Siq, kilomita 1.2. Mtaambiwa farasi ni bure, imo kwenye tiketi. Ni kweli imo, lakini bakshishi itadaiwa mkishuka. Patana kabla ya kupanda, au tembea.

6. Khazneh. Dakika 20 zinatosha. Anayejitolea kuwapandisha mwamba wa mkabala "kwa picha nzuri", mkatalieni. Njia ile imekatazwa na ni ya kuteleza.

7. Ad-Deir ("Monasteri", jengo kubwa la mwambani juu mlimani) na kurudi. Hatua hii ndiyo inayoharibu safari. Kutoka Qasr al-Bint, hekalu la kale lililo chini bondeni, kuna ngazi zaidi ya 800, na watu hupanda wakihesabu muda wa kwenda tu. Kumbukeni kwamba wakati wa kuingia mmeteremka. Kurudi getini ni mlima, jua limekwisha kuwachosha, na wenzenu hawana mwendo mmoja. Kutoka Ad-Deir hadi getini wekeni saa mbili na nusu. Basi hurudi saa 10 au saa 11 jioni kufuatana na msimu. Muulizeni dereva kabla hamjashuka. Likiondoka saa 11, saa 8:30 muwe mnashuka, hata kama mmoja bado hajafika juu. Asiyeweza ngazi abaki Qasr al-Bint, pana kivuli na chakula, na mkutane hapo hapo. Msitegemee simu, mtandao hukatika. Punda msipande: mawe yamesuguliwa yakawa laini, na pembeni ni bonde.

MASWALI

— Mkuu, kiingilio ni shilingi ngapi?
Hatua ya 2.

— Unatisha watu bure. Mimi nilifika Ad-Deir na kurudi kwa saa moja na nusu.
Inawezekana ukiwa peke yako na una miguu. Somo hili ni la kundi, na kundi linakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma.

— Mji mzima jangwani, maji walipata wapi?
Swali zuri sana. Mkiwa ndani ya Siq tazameni kuta, si juu tu. Upande mmoja kuna mfereji uliochongwa kwenye mwamba wenyewe, upande wa pili palilazwa mabomba ya udongo wa kuchoma, na vipande bado vinaonekana. Maji yalitoka chemchemi ya Ain Musa. Wanabatea pia walijenga bwawa na kuchimba handaki mlangoni mwa Siq ili mafuriko yapite kando. Pitisheni kidole mferejini muone ulivyo sawasawa.

— Mama yangu ana magoti mabovu.
Kuna vijigari vya umeme kutoka getini hadi Khazneh. Mlipie kwenda na kurudi, dada, na muulize gari la mwisho ni saa ngapi.

— Assalaam alaykum sheikh. Swala je? Na kaburi la Nabii Harun liko karibu?
Waalaykum salaam. Wasafiri wengi huchanganya adhuhuri na alasiri. Jabal Harun haiwezekani kwa siku moja, ni mwendo mrefu wa mlima. Ila mkiwa juu Ad-Deir, nendeni hadi ukingoni: ile kuba nyeupe kileleni ndiyo.

— Naongezea: wenye siku mbili wapande mlima wa Al-Khubtha, ngazi zinaanza baada ya Makaburi ya Kifalme. Khazneh unaiona kutoka juu kihalali.
Sahihi kabisa. Nendeni asubuhi, jua likiwa bado linaipiga.

— Desemba inafaa?
Baridi ni nzuri kwa kutembea, lakini Petra hufungwa mapema. Mvua ikitabiriwa, ahirisheni. Aprili 1963 mafuriko ndani ya Siq yaliua zaidi ya watalii 20 wa Kifaransa, na Novemba 2018 maelfu waliondolewa Petra. Walinzi wakisema tokeni, tokeni.