Kukusanya maneno ya kamusi ufukweni Bagamoyo

Anza na kadi ngumu za sentimita 10 kwa 15, penseli na simu ya kurekodi. Daftari liache nyumbani. Maneno 300 yaliyoandikwa kwa kufuata siku lazima yanakiliwe upya ili yakae kialfabeti, na hapo ndipo makosa yanapoingia. James Murray, aliyeongoza kamusi kubwa ya Kiingereza tangu 1879 hadi alipofariki 1915, alitegemea vipande vya karatasi: kila kipande neno moja na sentensi lilimotokea.

Juu ya kadi andika neno na ngeli yake. Chini, sentensi nzima kama ilivyosemwa, kisha kijiji, tarehe, kazi na umri wa msemaji. Kitenzi kiandike bila ku-. Wengi huteleza kwenye kula na kunywa, wakavipanga herufi K. Mahali pake ni L na N.

Usinyooshe kidole ukauliza “hiki nini?” Ukionyesha foromali, ule mti unaobeba tanga la chombo, mmoja atasema foromali, mwingine mti, wa tatu atataja kamba iliyoifunga. Amkia kwanza, halafu: “Nahodha, ukitaka kutweka tanga unaanzia wapi?” Akieleza kazi, majina huja pamoja na vitenzi vyake.

Hilo tanga lenyewe linataka kadi tatu. Tanga la chombo, li-/ya-: “Tanga limechanika.” Tanga, kitenzi, kuzurura, ndiko ilikotoka tangatanga. Matanga ya msiba, ya wingi tu: “Tumekaa matanga.” Ukiyabana yote chini ya neno moja kwa sababu herufi zinafanana, msomaji atapotea.

Sikiliza pumzi pia. Kwa wazee wengi wa pwani, paa wa porini ana p yenye pumzi. Paa la nyumba halina. Maandishi huficha tofauti hiyo, basi iwekee alama pembeni.

Kijiji kiandike palepale. Mmisionari Mjerumani Krapf alikusanya zaidi Mombasa na Rabai, basi maneno yake mengi ni ya huko. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Padri Charles Sacleux, aliyefika misheni ya Bagamoyo 1879, alionyesha neno ni la lahaja gani, na ndiyo maana kamusi yake, iliyochapishwa Paris 1939 na 1941 akiwa amepita miaka 80, bado inafaa.

Neno ulilolisikia kwa mtu mmoja tu usilitupe. Liweke kisanduku cha pembeni mpaka wawili wengine walitamke bila wewe kulitaja.