Kodata si lazima awe na uti wa mgongo

Ukiulizwa kwenye mtihani wa baiolojia utofautishe vertebrata (wanyama wenye uti wa mgongo) na kodata wengine (kundi kubwa ambalo vertebrata ni sehemu yake), usikimbilie kuandika "wana notokodi", yaani ile fimbo nyumbufu inayoimarisha mwili upande wa mgongoni. Hiyo wanayo wote, hata kama ni kwa kipindi cha uchanga tu, pamoja na uzi wa neva wenye uwazi ndani unaopita mgongoni, mianya ya koromeo na mkia unaovuka mkundu. Alama zako ziko kwingine: fuvu linalolinda ubongo, na pingili zinazouzunguka ule uzi wa neva. Kwa wengi wao pingili huchukua nafasi ya notokodi mnyama anapokua. Hata ule ute mzito katikati ya diski za mgongo wako umetokana nayo.

Mfano ninaoupenda wa kodata asiye na uti wa mgongo ni mnyama wa baharini aitwaye tunikata. Akiwa lava (hatua ya uchanga) anaogelea kama kiluwiluwi, notokodi iko mkiani. Akishajibandika mwambani mkia unayeyuka, anabaki kifuko kinachochuja maji. Nani angedhani ni ndugu yetu? Amfioksi, kodata mdogo wa baharini anayefanana na samaki, yeye hukaa na notokodi yake maisha yote, ila fuvu hana, pingili hana.