Umepewa CV za wahadhiri uzipime? Soma hii kabla hujakimbilia Q1

Siku ya kwanza nakaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo (chuo sitaji) nilikuta mzee mmoja kashafungua shiti ya Excel, kila makala ya muombaji kaipa maksi kwa kuangalia jarida tu, Q1 (robo ya juu ya majarida ya fani hiyo kwa kurejelewa) maksi 4, Q2 (robo inayofuata) maksi 3, hivyo hivyo mpaka chini, halafu anajumlisha. Makala zenyewe hamna aliyefungua hata moja. Dakika 15 mtu keshapanda cheo. Nami nilifuata mkumbo miaka kadhaa, sasa hivi nafanya tofauti.

Kwanza jua namba inayotumika sana kuyapanga majarida, impakti fakta, inapima nini. Impakti fakta ni wazo la Mmarekani Eugene Garfield la mwaka 1955, na ripoti za kila mwaka zilianza 1975. Hesabu yake nyepesi, unachukua makala ambazo jarida limetoa miaka miwili iliyopita, unaangalia zimerejelewa mara ngapi mwaka huu, unagawa kwa idadi ya makala hizo. Kwahiyo ni wastani wa jarida zima, na wastani unadanganya balaa. Kuna jarida la fuwele, Acta Crystallographica A, lilikuwa na 2 na kitu, ghafla 2009 likaruka mpaka 49 na ushee, sababu ni makala MOJA ya George Sheldrick ya 2008 kuhusu programu yake ya SHELX ambayo kila mtu wa fani ile aliirejelea. Sasa fikiria jamaa aliyechapisha humo mwaka huohuo makala ambayo hamna aliyeisoma, kwa shiti ya yule mzee naye ni jembe!

Mimi viwango natumia kama chekecheke la kutoa takataka, basi. Naangalia jarida lipo kweli, ISSN (namba ya utambulisho ya jarida) inalingana na tovuti maana siku hizi matapeli wanakopi jina la jarida zuri na kufungua tovuti yao, halafu naangalia kama Scopus (hifadhidata kubwa ya majarida ya kitaaluma) walishalitoa kwenye orodha na lini, kwa sababu mtu kuchapisha 2016 jarida likiwa zima halafu likaharibika baadaye sio kosa lake. Jarida linaloahidi kukubali makala ndani ya siku tatu ukishalipa, hilo hata usisumbuke nalo.

Ukishachekecha usilinganishe fani na fani. CA, jarida la saratani la Marekani, impakti fakta yake imewahi kupita 200 wakati Annals of Mathematics, ambayo mwanahisabati akichapisha humo anafanyiwa sherehe, haifiki hata 10. Hata hizo Q zinabadilika, jarida hilohilo laweza kuwa Q1 kwenye historia na Q2 kwenye anthropolojia, ndo maana waombaji wajanja wanakuandikia ile inayowapendeza, we ingia mwenyewe SCImago, tovuti inayoonesha Q za kila jarida, ni bure.

Na hapa kwetu ndo pananiuma. Mtu wa Kiswahili anachapisha kwenye majarida ya Kiswahili kama Mulika au Swahili Forum, anasomwa na wote wanaojua hiyo kazi, halafu anaambiwa mbona huna Q1. Wenzake wa maabara wanampita kwa maksi kila mwaka. Kwa majarida ya Afrika ingia AJOL (tovuti ya African Journals Online), wapo tangu 1998, na wanatoa nyota kwa jinsi jarida linavyoendeshwa, ni kipimo cha maana zaidi kuliko kutafuta impakti fakta ambayo haipo.

H-indeksi nayo, ya Hirsch wa 2005 (ukiwa na 10 maana yake una makala 10 zilizorejelewa walau mara 10 kila moja), usimpimie kijana aliyemaliza PhD juzi, ile haishuki, inapanda tu na umri.

Baada ya hapo inabaki kazi yenyewe, kusoma. Mwambie muombaji achague makala nne anazojivunia, aandike mistari mitano kwa kila moja: alifanya nini yeye (hasa kama waandishi wako 14), na nani kaitumia, hata kama ni wizara au wakulima. Mwenyekiti akikubishia muoneshe tamko la DORA lililoanzia San Francisco 2012, linasema wazi usitumie impakti fakta kumpima mtu mmoja mmoja. Au mpe mfano wa Australia, 2010 waliyapanga majarida kwa madaraja ya A*, A, B, C, mwaka uliofuata waziri akayafuta hayo madaraja baada ya kuona vyuo vinayatumia vibaya kwa wafanyakazi.

Kwenye ripoti andika walau sentensi moja ya maana kwa kila makala. Ukishindwa kuiandika ujue hukuisoma au sio fani yako, sasa mtafute mtathmini wa nje na umtumie PDF zenyewe. Shiti ya maksi usimtumie, akishaiona tu na yeye atajumlisha.