Usifunge umeme wa nyumba kwenye seng'enge

Kiangazi kikikolea katika ukanda wa mifugo wa Uganda, kutoka Isingiro hadi Nakasongola, nyaya za uzio wa umeme huacha kuuma. Ng'ombe wanazivuka na kuingia kwenye mahindi ya jirani. Hapo mfugaji, kwa hasira, huvuta waya kutoka soketi ya nyumbani na kuufunga moja kwa moja kwenye seng'enge. Ndugu wafugaji, huo si uzio tena. Unaua watu, na wa kwanza kuugusa huwa mtoto wa mchungaji.

Umeme wa nyumba ni volti 240 na haupumziki. Mwili uliolowa una ukinzani (nguvu ya kuzuia umeme usipite) wa takriban omu 1,000, hivyo hupitisha miliampea 240 hivi. Miliampea 10 hadi 16 tu hukaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachia waya. Zikizidi 50 na kupita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kutetemeka ovyo na kuacha kusukuma damu. Ng'ombe yuko hatarini zaidi: ukinzani wake ni mdogo, na umeme unaopanda miguu ya mbele na kutokea ya nyuma hupita kwenye moyo.

Enajaiza, yaani mashine maalumu ya kuupa uzio umeme kwa mapigo, hutoa volti elfu kadhaa, lakini kila mpigo haufiki sehemu ya mia ya sekunde, kisha hutulia karibu sekunde nzima. Katika utulivu huo ndipo mnyama anapojinasua.

Wengine huweka balbu njiani wakidhani itapunguza makali. Uongo mtupu! Balbu ya wati 60 inahitaji miliampea 250 ili iwake vizuri. Miliampea inazopitisha zinatosha kabisa kuua. Fyuzi ya ampea 5 nayo hulinda nyaya zisiungue, haimlindi mtu.

Uzio wako hauumi kwa sababu udongo umekauka nawe umechomeka nondo moja fupi ya erthi, ile inayorudisha umeme wa uzio kwenye enajaiza kupitia ardhini. Weka nondo tatu za mabati, kila moja mita 2, zizame ardhini, mita 3 kati ya moja na nyingine. Pima kwa futi kamba, usikadirie kwa hatua! Zikae angalau mita 10 kutoka erthi ya nyumba. Zimwagie maji kiangazi chote, na fyeka majani yanayogusa waya. Hata kwa enajaiza, tumia waya laini usio na miiba. Seng'enge humshika mtu nguo na ngozi asichomoke.

Kipimo kikisoma volti 3,000 mwisho wa uzio, inatosha.

Ukikuta mtu au mnyama amenaswa, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Mtu asipopumua, mkandamize katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta msaada. Mchungaji naye aonyeshwe leo swichi hiyo ilipo, maana mara nyingi yeye ndiye hufika wa kwanza.