Kurekodi Ngoma Bagamoyo: Kuunganisha Mikisa na Maikrofoni kwenye Intafesi ya Sauti

Mtu anayetaka kurekodi onyesho la ngoma Bagamoyo, iwe katika ukumbi wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapo, au kwenye jukwaa la wazi karibu na bahari, kwa kawaida hukimbilia kuomba sauti kutoka kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, ya fundi mitambo. Sauti hiyo huwa safi, lakini si onyesho zima. Kazi ya fundi ni kuongeza kwenye spika kile ambacho hadhira haikisikii vya kutosha, yaani waimbaji, zeze na marimba. Ngoma kubwa zinajitosheleza, kwa hiyo mara nyingi hazipewi maikrofoni au hupewa nafasi ndogo. Ukitegemea mikisa peke yake, utapata mwimbaji aliye sikioni mwako na ngoma zinazosikika kama zinapigwa nyumba ya pili. Ndiyo sababu napendekeza intafesi, yaani kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, yenye milango minne ya kuingizia sauti: miwili ya mikisa na miwili ya maikrofoni zako mwenyewe.

Mwone fundi kabla ya majaribio ya vyombo, umsalimu, kisha umuulize kama ana njia ya AUX, yaani njia ya ziada ya kutolea sauti kwenye mikisa, iliyo huru. Njia hiyo ni bora kuliko ile inayokwenda kwenye spika, kwa kuwa fundi anaweza kukuongezea humo chombo ambacho ukumbini hakihitaji kuongezwa. Mara nyingi hutoa sauti ya upande mmoja tu, na hapo mlango mmoja utatosha.

Kosa kubwa hutokea kwenye plagi. Sauti inayotoka kwenye mikisa ina nguvu nyingi kuliko ya maikrofoni, na katika intafesi nyingi tundu la XLR, lile la plagi ya pini tatu, huipeleka kwenye kikuzaji cha maikrofoni, ambako huweza kukwaruza hata geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, ikiwa chini kabisa. Tumia waya wenye XLR upande wa mikisa na jeki ya milimita 6.35 yenye pete mbili nyeusi upande wa intafesi, kisha uchague LINE, yaani sauti yenye nguvu kama ya mikisa, kama kuna kitufe hicho. Umeme wa volti 48, ambao maikrofoni za kondensa huuhitaji, usipelekwe kwenye mikisa. Angalia vizuri, kwa sababu kitufe kimoja huweza kuwasha milango miwili kwa pamoja. Unganisha waya zote kwanza, geini zikiwa chini, ndipo uwashe umeme huo.

Maikrofoni zako zikae mbele ya jukwaa, juu ya vichwa vya watu, zikielekea wapiga ngoma. Usiziweke nyuma kabisa ya hadhira, kwani huko utarekodi maongezi na vigelegele kuliko muziki. Kwenye jukwaa la wazi, upepo wa bahari huweza kushinda kifuniko cha sponji, kwa hiyo tafuta kile cha manyoya.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, huenda ni umeme wa hertzi 50 unaozunguka kati ya kompyuta na mikisa kupitia waya za ardhi. Chomoa chaja, utumie betri. Usipoondoka, weka kisanduku chenye transfoma kati ya mikisa na intafesi. Kukata waya wa ardhi kwenye plagi, kama wengine wanavyofanya, kunaweza kumuua mtu, na hakuna rekodi inayostahili hatari hiyo.

Rekodi kwa biti 24 na kilohertzi 48, na vilele vya sauti vifikie karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Wapiga ngoma hupiga kwa nguvu zaidi hadhira ikijaa kuliko wakati wa majaribio, hivyo nafasi hiyo utaihitaji.

Limebaki suala la muda. Sauti husafiri hewani mita moja kwa takriban milisekunde 3, hivyo maikrofoni iliyo mita 10 kutoka jukwaani huchelewa nyuma ya mikisa kwa milisekunde 30 hivi. Kabla ya onyesho, mwombe mtu apige makofi mara moja karibu na maikrofoni ya mwimbaji. Wakati wa kuhariri, sogeza rekodi za maikrofoni zako zisikike mapema zaidi kwa muda huo, hadi kofi lilingane na lile la mikisa, ndipo uanze kuongeza ngoma taratibu.