Kabla ya kuchora mti wa mageuzi wa samaki: mambo ya kuzingatia kwa mwalimu wa baiolojia Kigoma

Mti wa mageuzi ni mchoro unaoonyesha undugu wa viumbe. Anza na idadi: viumbe vitano vinatosha. Vitano vinaweza kupangwa kwa miti 105 tofauti yenye matawi mawili mawili. Ukiongeza cha sita inafika 945. Kwa Kigoma tunapendekeza dagaa wa hapa ziwani, dagaa wa Mwanza, kambale, kamongo na papa. Papa awe kundi la nje, yaani yule ambaye inajulikana tayari kuwa tawi lake lilijitenga mapema kuliko ya wenzake. Ukishamweka yeye nje, miti ya kuchunguza inabaki 15, na unapata pa kupimia sifa ipi ni ya kale na ipi imezuka baadaye. Dagaa wabichi wafuate Kibirizi asubuhi, wavuvi wa usiku wanaporudi. Wa Mwanza hata wakavu wanafaa.

Usishike manila kabla ya jedwali. Andika viumbe kushoto, sifa juu, kisha 1 penye sifa na 0 pasipo nayo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Udogo na rangi ya fedha vitakuvuta uwaweke dagaa wote tawi moja, lakini umbo hilo huwafaa samaki wadogo wa maji ya wazi, na limezuka zaidi ya mara moja. Pitisha kidole tumboni mwa dagaa wa Kigoma, kutoka mkiani kwenda kichwani: vigamba vyenye ncha vinakwaruza. Hiyo ni alama ya jamaa za samaki aina ya simu (sadini) wa baharini, na wa Mwanza hana. Yeye na kambale wana msururu wa vijifupa vinavyopeleka mtikisiko kutoka kwenye kibofu cha hewa hadi sikioni, kwa hiyo undugu wake na kambale ni wa karibu kuliko na dagaa wa Kigoma. Vijifupa hivyo ni vidogo mno kwa darasa zima, basi andaa mchoro mapema.

Mtego mwingine ni kuvuta hewa. Kamongo anatumia mapafu. Kambale ana kiungo chenye matawi juu ya matamvua. Ni viungo viwili tofauti, visiingie safu moja.

Sifa nyingine ni rahisi: mifupa halisi wanayo wote isipokuwa papa mwenye gegedu, na mapezi ya miali (utando unaoshikiliwa na vijiti vya mfupa) wanayo dagaa wote wawili na kambale.

Mti ukikamilika uwe na vifundo 4, yaani sehemu ambapo tawi linagawanyika. Vikiwa 3, kuna mahali matawi matatu yametoka pamoja, na jedwali linahitaji sifa zaidi. Waeleze wanafunzi kuwa undugu husomwa kwenye vifundo. Majina kukaa jirani hakumaanishi kitu, maana matawi ya kifundo chochote yanaweza kubadilishana nafasi.

Acha nafasi ya sentimita tano karibu na kamongo. Lazima mtu atauliza sokwe wa Gombe aingie wapi, na ni hapo: sokwe na kamongo wana kifundo chao kimoja ambacho dagaa hawamo.