Homa baada ya safari: kutambua na kutibu maambukizi ya bakteria wa nchi za joto

Mtu mzima akirudi na homa kutoka nchi za joto, anza na kipimo cha malaria, hata kama dalili zote zinaelekeza taifodi. Kikiwa hasi, rudia kila baada ya saa 12 hadi 24 mpaka vitimie vitatu. Papo hapo toa damu ya kuotesha, seti mbili, kabla ya antibiotiki yoyote. Dozi moja ikitangulia, bakteria wanaweza wasiote kabisa, na utabaki unabahatisha.

Kisha uliza tarehe, maji na wadudu. Homa iliyoanza zaidi ya siku 21 baada ya kuondoka huko ni nadra kuwa riketsia, yaani maambukizi ya bakteria wanaoenezwa na wadudu kama kupe na utitiri. Mvue mgonjwa nguo umkague mwili mzima: kinenani, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Kidonda kidogo chenye gamba jeusi kisichouma ni alama ya kung'atwa na kupe au utitiri. Mpe doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 5 hadi 7. Usingoje kipimo cha kingamwili, kwani wiki ya kwanza mara nyingi huwa hasi. Homa isiposhuka ndani ya saa 48, fikiria ugonjwa mwingine.

Taifodi huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza. Kipimo cha Widal, kinachotafuta kingamwili za taifodi kwenye damu, hakitoshi kuithibitisha. Seftriaksoni gramu 2 kwa siku kwenye mshipa, siku 10 hadi 14, hufaa wengi; waliotoka Pakistan, ambako kuna aina sugu kwa dawa hiyo, wapewe azithromaisini, au meropenemu wakiwa mahututi. Homa huchukua siku 4 hadi 6 kushuka hata dawa ikiwa sahihi, kwa hiyo usibadilishe dawa siku ya pili.

Aliyeogelea mtoni au kukanyaga maji ya mafuriko, ana misuli ya mashavu ya miguu inayouma na macho mekundu yasiyo na tongotongo, mtibu homa ya mgunda (leptospirosisi, bakteria wa mkojo wa wanyama): doksisaiklini siku 7, au seftriaksoni akiwa na manjano au mkojo umepungua.

Mwenye kisukari aliyetoka kusini-mashariki mwa Asia au kaskazini mwa Australia akiwa na nimonia au majipu ya ini, mshuku melioidosisi, maambukizi ya bakteria wa udongo na maji, na uitahadharishe maabara mapema. Seftriaksoni haitoshi hapo. Tumia seftazidimu au meropenemu angalau siku 10 hadi 14, kisha kotrimoksazoli miezi 3, la sivyo ugonjwa hurudi.